Kompyuta ya mashine ipimwe kwa kuchelewa kwake, si kwa kasi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitie neno kuhusu makala yenu ya teknolojia ya hivi karibuni, ile iliyowashauri wenye karakana kwamba mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ikianza kukosea vipimo, dawa yake ni kuifungia kompyuta mpya yenye prosesa ya kasi zaidi. Mwandishi ana kalamu nzuri na makala ilisomeka vizuri. Ila ushauri wenyewe haufai, na nina wasiwasi wapo watakaoufuata kwa fedha zao. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mifumo ya kuongozea mashine za kukata chuma na mbao: kerezo, mashine za milingi (za kuchonga kwa kisu kinachozunguka), meza za kukatia kwa plazma. Nimeshuhudia kompyuta za kasi zikiharibu kazi ambayo kompyuta kuukuu zilikuwa zikiifanya bila lawama.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana. Chukua mota ya hatua ya kawaida, ile inayosogea kidogo kwa kila pigo la umeme, yenye hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Tuseme draiva yake, kile kifaa kinachoipa umeme, imepangwa kuigawa kila hatua vipande 10. Mzunguko mmoja basi unahitaji mapigo 2,000 ya umeme. Mota hiyo ikifungwa kwenye skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, milimita moja ni mapigo 400. Sasa iamuru meza iende milimita 3,000 kwa dakika, mwendo ambao kwa mashine ya mbao si wa ajabu hata kidogo. Hiyo ni milimita 50 kwa sekunde, yaani mapigo 20,000 kila sekunde, yaani pigo moja kila baada ya mikrosekunde 50. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Kwa prosesa ya leo, mikrosekunde 50 ni muda mrefu. Ile ya gigahezi 3 hupiga mizunguko 150,000 ndani ya muda huo, na kulitoa pigo lenyewe kunahitaji sehemu ndogo tu ya mizunguko hiyo. Kwa hiyo kasi ipo, tena ya kutupa. Swali ni kama wakati wa pigo ukifika kompyuta itakuwa tayari kulitoa, au itakuwa inahangaika na skrini, diski na mtandao. Ukiiongezea kasi, itamaliza mahangaiko hayo mapema zaidi kwa wastani. Haitaacha kuhangaika.

Mifumo endeshi tuliyoizoea ofisini, Windows na Linux ya kawaida, imeundwa igawe prosesa kwa haki kati ya programu nyingi na imalize kazi nyingi iwezekanavyo kwa siku. Kwa barua, hesabu na video, hivyo ndivyo tunavyotaka. Lakini tazama Windows: katika mpangilio wake wa kawaida saa yake ya ndani hupiga kila baada ya milisekunde 15.6 hivi (milisekunde ni mikrosekunde 1,000), na programu iliyoomba ilale milisekunde moja huenda ikaamshwa baada ya 15. Mwandika barua hataona chochote. Meza inayokwenda milimita 50 kwa sekunde, katika milisekunde 15, imekwisha tembea robo tatu ya milimita. Mimi na wenzangu tunagombania sehemu mbili za mia za milimita, yaani 0.02; ukinipa kosa la robo tatu umenipa chuma chakavu.

Nitoe mfano, bila kutaja karakana. Niliitwa kuangalia mashine ya milingi iliyokuwa ikichonga mashimo yasiyo na kipimo. Wenyewe walikuwa wamebadilisha nyaya za mota, na kwa kuwa mashine ilikuwa imeshafunguliwa, siku hiyohiyo wakaweka na kompyuta mpya. Kosa halikuisha, lilibadilika sura tu. Kabla sijagusa kitu niliomba vipande vilivyokataliwa nikavipima kwa kalipa. Kimoja kilikosea 0.1 ya milimita, kingine 0.2, kingine 0.4. Karibu vyote viliangukia kwenye sehemu kamili za kumi za milimita.

Hapo nikaacha kuishuku skrubu. Skrubu iliyolika hukosea kiholela, leo 0.03, kesho 0.07. Mota ya hatua ya aina hii ina rota, ile sehemu inayozunguka, yenye meno 50, na ikishindwa kuifuata sumaku haipotezi kipande kimoja cha hatua. Huruka jino zima, yaani hatua kamili 4, nyuzi 7.2. Kwa skrubu ya milimita 5, nyuzi 7.2 ni 0.1 ya milimita, bila chenji. Tena mota ile haikuwa na enkoda ya kuripoti mahali ilipo, kwa hiyo ikisharuka, mfumo unaendelea kuamini kwamba uko sawa, na kila mkato unaofuata unabeba kosa lilelile hadi mwisho wa kipande.

Mota huruka meno ikizidiwa na mzigo, au mapigo yakiijia bila mpangilio. Mzigo ulikuwa wa kawaida. Mashine iliendeshwa na LinuxCNC, programu ya bure ya kuongozea mashine, na kompyuta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitoa mapigo kupitia kadi ya mlango wa printa wa zamani. LinuxCNC huja na programu ndogo ya kupima ucheleweshaji. Huonyesha jedwali la nanosekunde (nanosekunde 1,000 ni mikrosekunde moja), na tarakimu ya kuangaliwa ni ile kubwa kuliko zote iliyowahi kutokea tangu kipimo kianze. Niliiwasha, nikaanza kuitesa kompyuta kwa makusudi: nakili mafaili makubwa, cheza video, buruta madirisha huku na huko. Wastani ulikuwa wa kujivunia. Kisha, wakati nimeshaanza kudhani nimepoteza muda, ile tarakimu kubwa ikaruka mara moja hadi zaidi ya mikrosekunde 300. Pigo linalotakiwa kila mikrosekunde 50 lilikuwa limekosa zamu yake mara sita mfululizo. Mota iliyokuwa kwenye mwendo ikaachwa bila amri, halafu ikadaiwa iendelee kwa kasi ileile kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kompyuta ile ilikuwa na hulka mbili. Ya kwanza ni kulala. Prosesa za siku hizi, zikikosa kazi hata kwa muda mfupi kabisa, huzima sehemu zake ili kuokoa umeme, na kuamka huchukua muda. Kadiri usingizi ulivyokuwa mzito ndivyo kuamka kunavyochelewa. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu mfumo endeshi wenyewe hauioni. Prosesa za jamii ya x86 zina hali ya usimamizi ambamo programu ya ubao mama, BIOS, huichukua prosesa kwa shughuli zake, labda kuangalia joto au kibodi, kisha huirudisha bila kuaga. Mfumo endeshi unakuwa kama mtu aliyezimia akazinduka: anaendelea na sentensi yake bila kujua kwamba wenzake wamemsubiri.

Usingizi tuliuzima kwenye mipangilio ya BIOS, na kilele kikashuka sana. Ule unyakuzi wa prosesa unaofanywa na ubao mama hatukuweza kuumaliza, kwa hiyo kazi ya kutoa mapigo tuliihamishia kwenye kadi ya nje yenye saa yake yenyewe, kompyuta ikabaki na jukumu la kuipelekea maagizo kila milisekunde moja. Hapo uchelewaji uliobaki ulivumilika. Kwa udadisi nikaipima pia kompyuta yao ya zamani iliyokuwa imetupwa kando. Haikuvuka mikrosekunde 20. Nadhani ugonjwa wa mwanzo ulikuwa kiunganishi cha mota kilicholegea, nao ulipona pale walipobadilisha nyaya. Kwa kuwa kompyuta mpya iliingia siku ileile, hawakupata nafasi ya kujua kwamba wameshapona.

Sasa, mfumo endeshi wa wakati halisi, yaani ule ulioundwa kuheshimu muda, unaleta nini? VxWorks, QNX, FreeRTOS, Zephyr, Linux yenye kiini (sehemu yake kuu ya ndani) cha wakati halisi: yote inatofautiana sana kwa ukubwa na kwa bei, lakini ahadi ni moja. Kazi yenye kipaumbele cha juu ikiwa tayari, inayoendelea itakatizwa, na muda wa kuikatiza una ukomo unaoweza kupimwa na kutegemewa. Mfumo haukuahidi kwamba utamaliza mengi. Tena Linux ya wakati halisi mara nyingi humaliza kazi za kawaida taratibu kidogo kuliko Linux ileile isiyo na uwezo huo, maana kukatiza kila mara kuna gharama. Wanaochapisha majedwali ya kulinganisha kasi hawawezi kuipenda.

Makala yenu ilisifu pia mifumo inayotumia uwezo wote wa prosesa. Mwaka 1973 wataalamu wa kompyuta Liu na Layland walionyesha kihesabu kwamba ukizipa kazi zinazojirudia vipaumbele vya kudumu, ile yenye mzunguko mfupi ikitangulia, unaweza kuwa na hakika hakuna itakayochelewa mradi jumla ya matumizi ya prosesa isizidi takriban asilimia 69, hata kazi ziwe ngapi. Juu ya hapo inawezekana mambo yakaenda sawa, ila itabidi uthibitishe kwa njia nyingine. Kwa hiyo prosesa ya mashine inayokaa bure theluthi ya muda haijazembea. Hiyo nafasi ndiyo inayolinda mapigo.

Wala nisieleweke kwamba ukinunua mfumo wa aina hii umemaliza. Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997 kikiendeshwa na VxWorks, na baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha upya chenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa ikishika kufuli, yaani kibali cha kutumia kitu kwa zamu, ambalo kazi ya kipaumbele cha juu ililihitaji. Kabla haijaliachia, kazi za kipaumbele cha kati ziliingia na kuikatiza. Matokeo yake aliye juu anamsubiri wa chini, na wa chini amezuiwa na wa kati. Ukaguzi wa usalama ukiona kazi hiyo ya juu haijakamilika, unawasha chombo upya. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA iliyokiongoza chombo hicho, waliuiga ugonjwa huo kwenye mfumo pacha uliobaki duniani, kisha wakatuma badiliko dogo: kufuli lile liruhusu kurithi kipaumbele, ili anayelishikilia apandishwe daraja kwa muda mpaka aliachie. Uwezo huo ulikuwamo ndani ya VxWorks tangu mwanzo, ila kwa kufuli lile haukuwa umewashwa.

Nimeona mambo ya namna hiyo duniani hukuhuku, kwa vipimo vidogo. Fundi anaandika programu safi ya kuongoza sevo, ile mota yenye enkoda inayojirekebisha mahali ilipo, anaipa kipaumbele cha juu kabisa, halafu ndani yake anaweka amri ya kuandika kumbukumbu kwenye diski. Diski haina haraka na mtu. Au anasahau kuifungia programu nafasi yake kwenye memori, na siku memori ikibana, sehemu ya programu inahamishiwa diski, ikahitajika katikati ya mkato. Sevo hazisamehe hilo. Mzunguko wake ni huu: soma enkoda, linganisha na mahali panapotakiwa, toa amri, rudia baada ya milisekunde moja. Programu hukisia mwendo kwa kugawa umbali uliotembewa kwa milisekunde hiyo moja. Mzunguko ukichelewa mikrosekunde 200, umbali ni wa milisekunde 1.2 lakini unagawanywa kwa 1. Mwendo unaonekana umezidi kwa asilimia 20, na mfumo unakanyaga breki ambayo haikuhitajika. Kwenye uso wa chuma alama zake huonekana kama mawimbi madogo, na mteja ataapa kwamba kisu ni butu. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapa jibu ni sahihi kabisa, ila ni la swali lililokwisha pita.

Jambo la kufurahisha, ambalo makala ililiacha kabisa, ni kwamba siku hizi vitu hivi havihitaji mfuko mnene. Kazi ya kuipa Linux uwezo wa wakati halisi, inayojulikana kama PREEMPT_RT, ilidumu takriban miaka 20 ikiwa viraka vya kubandikwa kando. Mwaka 2024 iliingizwa kwenye kiini kikuu, na toleo 6.12 la Novemba mwaka huo ndilo la kwanza kuja nayo. Hapo kabla, mafundi wa LinuxCNC walitegemea zaidi RTAI, kiraka kingine cha wakati halisi kilichotoka chuo cha ufundi cha Milano nchini Italia, na kila toleo jipya la Linux lilikuwa ugomvi mpya. Mimi nakumbuka kompyuta nilizoziacha na kiini kilichopitwa na wakati kwa sababu tu kiraka kilikuwa hakijaletwa.

Na tusisahau njia ya chini kabisa. Grbl, programu ya bure iliyoanza mwaka 2009, huongoza mashine ya mihimili mitatu kutoka kwenye bodi ya Arduino Uno. Chipu yake ni ya biti 8, megahezi 16, polepole karibu mara mia mbili kuliko ile ya gigahezi 3, na haina mfumo endeshi wowote. Hata hivyo hutoa mapigo hadi 30,000 kwa sekunde, kwa utulivu ambao kompyuta ya mezani yenye Windows haiwezi kuuahidi, kwa sababu haina kingine cha kufanya. Kwa mashine ndogo ya mbao, mimi huishauri hiyo kabla ya jambo lolote. Mambo yakizidi, mihimili mitano, sevo za mtandao wa EtherCAT, skrini, faili za mamilioni ya mistari, ndipo tunahitaji mfumo wa kuzipanga kazi nyingi kwenye prosesa moja bila ile ya muhimu kusukumwa kando. Wauzaji wengine huuza wakati halisi kama nakshi ya kuongezea bei. Mwenye mashine ya kuchora vibao vya majina wala haihitaji.

Kando kidogo, kwa sababu jambo hili nalikuta mara nyingi na linanitisha: kitufe chekundu cha dharura kisipitie kwenye programu peke yake, hata mfumo uwe wa wakati halisi namna gani. Kikibonyezwa kikate umeme wa mota kwa waya na rilei za usalama. Kiwango cha IEC 60204-1 kinaeleza aina za kusimamisha mashine, ipi hukata nguvu papo hapo na ipi husimamisha kwa utaratibu kwanza. Kisomwe kabla ya kufunga waya wa kwanza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa teknolojia unapoeleza vidhibiti vya mashine, mwandishi amuulize muuzaji swali moja ambalo vipeperushi hulikwepa: ucheleweshaji mkubwa kuliko wote ni kiasi gani, na ulipimwa kwa muda gani, kompyuta ikiwa na mzigo gani? Atakayejibu kwa wastani hajajibu. Nyaraka za LinuxCNC zenyewe hutoa mwongozo: kwa kompyuta inayotoa mapigo yenyewe, chini ya mikrosekunde 20 ni nzuri sana, kati ya 30 na 50 bado inafaa ingawa mwendo wa juu utapungua, kuanzia 100 usiitumie kwa kazi hiyo, na ikivuka milisekunde moja usiifunge kwenye mashine kabisa.

Wanaofundisha vijana nao wasiishie kwenye kuandika msimbo wa kukata. Wawape kompyuta mbili, ya kasi na ya polepole, wawaambie wazipime kwa cyclictest, programu ya bure ya Linux, kwanza zikiwa zimetulia, kisha zikiwa zimebebeshwa kazi usiku kucha. Mwandishi wa makala naye anaweza kuianza kazi hiyo leo jioni kwa kompyuta yake mwenyewe. Safu ya kuangalia asubuhi ni ya mwisho kulia, iliyoandikwa Max, na ningefurahi kuona tarakimu yake ikichapishwa katika toleo lenu lijalo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa mifumo ya mashine za CNC